Kuchagua nyuzi za gitaa la besi: mkazo unaokubaliwa na mkono na sauti unayoitaka

Mpiga besi anayelalamika kwamba nyuzi zake ni ngumu huwa na haki ya kulalamika, lakini mara nyingi humshitaki asiyehusika. Huenda dukani akaomba seti nyembamba kuliko aliyo nayo, akaifunga, na baada ya wiki mbili akagundua kwamba vidole bado vinauma na sasa uzi wa E, ule mnene kuliko wote, unagongagonga kwenye freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo. Mwongozo huu unakwenda kwa utaratibu tofauti: kwanza kujua ugumu unatoka wapi, kisha kukadiria mkazo kwa hesabu ndogo inayotaka kalamu na karatasi tu, na baada ya hapo ndipo kuchagua aina ya waya kulingana na sauti inayotafutwa.

Hatua ya 1: Kagua gitaa kabla ya kulaumu nyuzi

Tyuni gitaa vizuri, ukiwa na nyuzi ulizonazo sasa. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine uubonyeze pale shingo inapoungana na mwili wa gitaa. Uzi huo sasa umekuwa rula. Tazama mwanya ulio chini yake, karibu na freti ya 7 au ya 8. Mwanya wa kama milimita 0.3, ambao ni unene wa kadi ya biashara, unafaa kwa wapigaji wengi. Kadi ya benki ikipita hapo bila kugusa uzi, shingo imevutwa mbele kupita kiasi, na hakuna seti ya nyuzi itakayoleta raha kabla ya shingo hiyo kurudishwa.

Ukishaachia, pima kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12, kutoka juu ya chuma cha freti hadi chini ya uzi. Milimita 2 upande wa G, uzi mwembamba kuliko wote, na milimita 2.5 upande wa E ni kimo cha kawaida. Ukikuta milimita 4, basi umepata chanzo cha maumivu yako bila kutumia hata senti.

Jaribio la tatu husahaulika, na kwa magitaa ya bei nafuu ndilo lenye manufaa zaidi. Bonyeza uzi kwenye freti ya 3 kisha utazame mwanya uliobaki juu ya freti ya kwanza. Uzi unatakiwa uwe karibu kabisa kuigusa freti hiyo, ukiacha nafasi ya karatasi tu. Mwanya ukiwa mkubwa, kile kipande cha mfupa au plastiki kinachopitisha nyuzi kutoka kichwani kwenda shingoni, ambacho hapa nitakiita kizingiti, kimekaa juu mno, na ndiyo maana noti ya F kwenye freti ya kwanza inahitaji nguvu za mpakia mizigo wakati noti za katikati ya shingo hazina shida. Kupunguza mifereji ya kizingiti ni kazi ya fundi mwenye tupa ndogo zinazolingana na unene wa nyuzi, kwa sababu ukizidisha hakuna kurudi nyuma.

Ikiwa vipimo vyote vitatu viko sawa na mkono bado unachoka, hapo ndipo nyuzi zenyewe zinapaswa kuchunguzwa.

Hatua ya 2: Soma namba za pakiti

Namba kama 45, 65, 80 na 100 zilizoandikwa kwenye pakiti ni unene wa kila uzi kwa sehemu za elfu za inchi. Uzi wa 45 una unene wa milimita 1.14, na uzi wa 105 una milimita 2.67. Aliyezoea kununua mabati awe mwangalifu: bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, ilhali kwa nyuzi namba ikipanda unene nao unapanda. Nimewahi kumwona fundi wa kupaua, mpiga besi hodari wa kwaya, akirudi nyumbani na seti nzito kabisa kwa sababu ya mazoea hayo.

Seti inayoanzia 40 na kuishia 95 au 100 huhesabiwa kuwa nyepesi, ya 45 hadi 100 au 105 ni ya kawaida, na ya 50 hadi 105 au 110 ni nzito. Kwenye besi ya kawaida yenye urefu wa inchi 34 kutoka kizingiti hadi daraja, yaani pale nyuzi zinapokalia mwili wa gitaa, kila uzi wa seti ya kawaida huvuta shingo kwa nguvu ya kati ya kilo 15 na 24 hivi.

Hatua ya 3: Kadiria mkazo kwa hesabu ya mkono

Mkazo wa uzi hutegemea mambo matatu: uzito wa uzi kwa kila sentimita, urefu wake kati ya kizingiti na daraja, na noti unayoutyuni. Kwa nyuzi za aina moja kutoka kwa mtengenezaji mmoja, unene unaweza kusimama badala ya uzito, na hapo njia ya mkato inapatikana. Zidisha unene wa uzi kwa idadi ya mitetemo ya noti yake kwa sekunde. Noti ya G ina mitetemo 98, D ina 73.4, A ina 55, E ina 41.2, na B ya chini ya besi ya nyuzi tano ina 30.9. Chukua seti ya kawaida ya 45, 65, 80 na 100:

G: 45 × 98 = 4,410
D: 65 × 73.4 = 4,771
A: 80 × 55 = 4,400
E: 100 × 41.2 = 4,120

Majibu haya si kilo, ni vipimo vya kulinganishia tu. Mkazo wenyewe hufuata mraba wa jibu, kwa hiyo tofauti ya asilimia 5 kati ya majibu mawili ni tofauti ya kama asilimia 10 katika mkazo. Hapa uzi wa D unazidi uzi wa E kwa karibu theluthi nzima ya mkazo. Wapigaji wengi huhisi jambo hili kwa vidole miaka mingi bila kulijua jina: D ni ngumu kama waya wa kuanikia nguo, E inayumba, na mkono wa kulia unalazimika kubadilisha nguvu kila unapohama uzi. Mtu wa namna hiyo hahitaji seti nyembamba, anahitaji seti iliyosawazishwa. Kampuni ya nyuzi ya D'Addario inatengeneza moja ya 45, 60, 80 na 107. Ukiipitisha kwenye hesabu hiyo hiyo utapata 4,410, 4,404, 4,400 na 4,408, na hapo ndipo utaelewa namba 107, ambayo kwa mtazamo wa kwanza inaonekana kama kosa la uchapaji, ilikotoka.

Fanya hesabu hii kwa seti iliyoko kwenye gitaa lako leo na uandike majibu. Kama pakiti ilishatupwa, vernia ya fundi yeyote wa vyuma itakupa unene.

Hatua ya 4: Amua upande wa kuelekea

Sasa uulize mkono. Ikiwa kidole cha mkono wa kushoto ndicho kinachochoka kubonyeza, au noti ndefu zinakuchosha kuzishikilia, shuka hatua moja, kwa mfano kutoka 105 hadi 100 kwa uzi wa E, ambayo inapunguza mkazo wake kwa kama asilimia 9. Ikiwa uzi unayumba chini ya kidole cha kulia na kugonga freti kila unapopiga kwa nguvu, panda hatua moja. Uzi mlegevu hutetemeka kwa upana zaidi, kwa hiyo unahitaji kimo kikubwa zaidi ili usigonge, na kimo kikubwa kinaurudisha ule ugumu ulioukimbia. Ndiyo maana mpigaji mwenye mkono mzito hupata raha zaidi kwenye seti inayoishia 105 iliyoshushwa karibu na freti kuliko kwenye seti inayoishia 95 iliyoinuliwa, ingawa dukani angeambiwa kinyume.

Hatua moja kwa wakati inatosha. Mimi niliruka kutoka seti inayoanzia 40 hadi seti inayoanzia 50, nikaifunga asubuhi ya siku ya harusi, na kufikia wimbo wa nne wa usiku ule shingo ilikuwa imevutwa mbele kiasi kwamba nyuzi zilikuwa juu kama za udi uliowekwa ukutani kwa muda mrefu. Nyuzi zilikuwa nzuri. Shingo ndiyo haikuandaliwa.

Kuna hali tatu zinazobadilisha hesabu. Ya kwanza ni kushusha tyuni. Bendi nyingi na kwaya hushusha nusu toni ili kumpumzisha mwimbaji, na nusu toni hiyo inapunguza mkazo kwa asilimia 11, toni nzima kwa asilimia 21. Uzi wa E ukishushwa hadi E flati hutetemeka mara 38.9. Ukiuweka uzi wa 110 mahali pa 105 unapata 4,279 badala ya 4,326 ya awali, yaani karibu hali ile ile, na mkono hautajua kwamba kuna kilichobadilika.

Ya pili ni besi fupi ya inchi 30, kama Fender Mustang au ile Höfner yenye umbo la fidla ambayo Paul McCartney wa Beatles aliifanya ijulikane. Kwa seti hiyo hiyo na noti hizo hizo, urefu huo unapunguza mkazo kwa asilimia 22, ambayo inazidi kidogo hata kushusha toni nzima. Wako wanaoupenda ulaini huo. Asiyeupenda azidishe unene kwa 1.13, kwa hiyo 45 inakuwa 51 na 100 inakuwa 113.

Ya tatu ni uzi wa B. Ili ulingane na uzi wa G wa 45 ungehitaji unene wa 143, ambao hutauona kwenye seti za kawaida. Uzi wa 125 unatoa 3,863, wa 130 unatoa 4,017, na wa 135 unatoa 4,172. Ushauri wangu ni kuanzia 130 kwenda juu kwa besi ya inchi 34, na kutotarajia B iwe na ukakamavu wa G.

Hatua ya 5: Chagua waya kwa sauti

Karibu kila uzi wa besi ni chuma cha kati kilichozungushiwa waya mwingine, na umbo la waya huo wa nje ndilo linaloamua sehemu kubwa ya sauti. Waya wa nje ukiwa wa duara unapata uzi wenye mikwaruzo midogo, ambao hapa nitauita raundi. Ukiwa bapa kama utepe unapata uzi laini kama kioo, ambao nitauita flati.

Raundi hutoa sauti angavu, yenye mlio wa chuma juu ya uzito wa chini. Zilienea kuanzia miaka ya 1960, baada ya kampuni ya Rotosound ya Uingereza kufanya kazi na John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya The Who, aliyetaka besi isikike kama piano. Yeyote anayepiga kwa kugonga uzi kwa dole gumba na kuuvuta kwa kidole, au anayetaka besi ijitokeze katikati ya sebene yenye magitaa matatu, atazihitaji. Ndani ya raundi kuna chaguo la madini. Chuma kisichoshika kutu ndicho kinachong'ara zaidi na ndicho kinachokwaruza zaidi, kwa vidole na kwa freti pia. Chuma kilichopakwa nikeli ndiyo njia ya kati, na kwa asiye na sababu ya kwenda kwingine ningemwelekeza hapo. Nikeli tupu ni pole zaidi, ina joto la rekodi za zamani.

Flati zina tabia nyingine kabisa. Noti huanza kwa uzito, hufifia mapema, na haina ule mlio wa kidole kinapoteleza kutoka freti moja kwenda nyingine. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za kampuni ya Motown mjini Detroit, alitumia flati nzito za kampuni ya La Bella kwenye besi yake ya Fender Precision, akipiga kwa kidole kimoja cha shahada, na hakuwa mtu wa kubadilisha nyuzi. Kwa muziki wa pwani jambo hili lina maana ya moja kwa moja: vikundi vya taarab asilia vya Zanzibar vimekuwa vikiitegemea dabo besi, ile besi kubwa ya mbao inayosimamishwa, na mwenye gitaa la umeme anayetaka kuisogelea sauti ile, fupi na yenye tumbo, ataifikia kwa flati upesi kuliko kwa kuzungusha vitufe vya amplifaya.

Hata hivyo, hapa ndipo hesabu ya Hatua ya 3 inapokoma kuaminika. Waya bapa hauachi nafasi za hewa kati ya mizunguko tofauti na waya wa duara, hivyo uzi wa flati huwa mzito kuliko wa raundi wenye unene ule ule, na mkazo wake huwa mkubwa zaidi. Anayehama kutoka raundi za 45 hadi 105 kwenda flati za namba hizo hizo atahisi amefungiwa seti nyingine nzito. Seti ya La Bella inayohusishwa na Jamerson, ya 52 hadi 110, ni ngumu kweli kweli. Kwa upande mwingine, Thomastik-Infeld wa Vienna wana flati za 43, 56, 70 na 100 ambazo ni laini kuliko raundi nyingi, na wapo wanaozipenda mno na wengine wanaosema zinayumba kama kamba ya bembea. Kwa flati, basi, tafuta jedwali la mkazo ambalo baadhi ya watengenezaji huliweka kwenye tovuti zao, ulinganishe kilo au ratili badala ya unene.

Zipo pia nyuzi zilizovikwa utepe wa nailoni. Namba zake hutisha, lakini sehemu ya unene huo ni nailoni nyepesi, kwa hiyo huwa laini mkononi kuliko namba inavyodai. Kwa kuwa ndani yake kuna chuma, pikapu za sumaku, zile zinazonasa mtetemo wa nyuzi kwenye gitaa la umeme, zinazisikia bila tatizo. Kwa besi isiyo na freti, hizi au flati ndizo zinazostahili, kwani raundi huchonga ubao wa shingo kama msasa.

Hatua ya 6: Hakikisha urefu na chuma cha kati

Besi ya inchi 30 inunuliwe nyuzi za besi fupi. Uzi mrefu ukitumika humo, sehemu yake nene huishia kwenye kigingi cha kukazia, ambako hujikunja vibaya, hufumuka au hukatika. Kama gitaa lako linapitisha nyuzi kutokea mgongoni, pima kutoka kipande cha shaba kilicho mwisho wa uzi hadi kwenye kizingiti kabla ya kununua, maana hapo zinahitajika sentimita kadhaa zaidi.

Chuma cha kati kinaweza kuwa cha pembe sita au cha mviringo. Cha pembe sita hushika vizuri waya wa nje na ndicho kilichoenea. Cha mviringo hupinda kwa urahisi, na uzi wake huhisika laini hata mkazo ukiwa ule ule, ila una sharti moja: usiukate kabla ya kuukunja kwa pembe mraba, la sivyo waya wa nje utaachia na uzi utakufa siku ya kwanza.

Hatua ya 7: Funga, subiri, rekebisha

Badilisha uzi mmoja mmoja ili shingo isiachiwe ghafla. Acha urefu wa kutosha mizunguko miwili au mitatu kwenye kigingi, ikishuka kuelekea chini, na uuache uzi ujinyooshe wenyewe kabla ya kuukaza ili usibaki na msokoto. Ukishatyuni, bonyeza uzi kwa dole gumba pale unapotoka kwenye daraja na pale unapotoka kwenye kizingiti, upate kona safi. Kona ya mviringo hufanya noti isikae sawa.

Liache gitaa lilale usiku mmoja. Siku ya pili rudia vipimo vya Hatua ya 1. Ikiwa seti mpya ni nzito na mwanya wa shingo umeongezeka, kaza fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo kwa robo mzunguko kuelekea kulia, tyuni tena, upime tena. Ikiwa ni nyepesi na nyuzi zinagonga kwenye freti za mwanzo, legeza kwa kiasi hicho hicho. Fimbo ikikataa, usiilazimishe, mpelekee fundi. Mwisho linganisha, kwa programu ya kutyuni ya simu, noti ya freti ya 12 iliyobonyezwa na mlio wa kengele unaopatikana kwa kuugusa uzi juu ya freti hiyo hiyo. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu, sogeza nyuma kile kipande cha daraja kinachobeba uzi. Ikiwa chini, kisogeze mbele.

Usihukumu sauti siku hiyo. Raundi mpya zina ukali unaopungua baada ya saa chache za kupiga, na flati huhitaji wiki kadhaa kabla ya kutulia.

Kuhusu unyevu na jasho

Anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja anajua kwamba hewa ya chumvi hula chuma. Kufuta kila uzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini, kila baada ya kupiga huongeza maisha ya seti kuliko dawa nyingi zinazouzwa. Nyuzi zilizopakwa utando wa kuzuia uchafu ni ghali zaidi lakini pwani hulipa gharama yake, na chuma kisichoshika kutu kina faida hiyo hiyo bila utando. Flati hazina mifereji ya kukusanya jasho, hivyo hudumu miaka.

Raundi zilizofifia zinaweza kuchemshwa. Zifungue, zizungushe duara pana, zichemshe kwenye maji safi kwa kama dakika 10, uzifute mara moja kisha uzianike juani hadi zikauke kabisa, kwa sababu maji yatakayobaki ndani ya mizunguko yataleta kutu. Mng'ao utarudi kwa siku chache. Mara ya tatu au ya nne uzi wa G huanza kukatikia kwenye kigingi, pale ulipokunjwa na kukunjuliwa, kwa hiyo usichemshe seti ambayo ndiyo pekee uliyo nayo siku moja kabla ya shughuli. Seti ya zamani uliyoifungua ikiwa bado nzima irudishe kwenye pakiti ya seti mpya, uandike juu yake namba zake, tarehe, na yale majibu manne ya Hatua ya 3.